Sindano Mbili za Kupunguza Mwili: Ipi Huongeza Kazi, Ipi Huongeza Kutapika Tu

Swali moja linarudi sana kwenye maduka ya dawa ya Kisumu, Nakuru na Kakamega: "Niko kwa Ozempic. Mwanzo njaa iliisha kabisa, sasa imerudi. Naweza kuongeza Mounjaro juu yake?" Jibu ni hapana, na sababu yake inafaa ieleweke vizuri, maana anayeielewa hatababaishwa na muuzaji wa WhatsApp anayedai kwamba dawa mbili lazima zishinde moja. Ipo michanganyiko inayofanya kazi kweli, iliyopimwa kwa maelfu ya watu. Mingi inayouzwa mkononi haimo.

Chakula kikifika utumboni, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huiambia kongosho itoe insulini sukari inapopanda, hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula, na hufika kwenye sehemu za ubongo zinazotawala njaa na shibe. Ile ya asili huvunjwa ndani ya dakika chache. Semaglutidi, iliyo ndani ya Ozempic na Wegovy, imeundwa ifanane nayo lakini idumu: baada ya siku 7 hivi, nusu ya dozi bado iko mwilini. Liraglutidi ya Saxenda ni ya jamii hiyohiyo, ila nusu yake huisha kwa saa 13 hivi, ndiyo maana hudungwa kila siku. Tirzepatidi ya Mounjaro hushika vipokezi viwili, cha GLP-1 na cha homoni nyingine ya utumbo iitwayo GIP. Nusu yake huisha kwa siku 5 hivi.

Sasa mfikirie mtu anayejidunga semaglutidi Jumapili na tirzepatidi Jumatano. Kitu kipya alichoongeza ni GIP peke yake, ambayo angeipata kwa kutumia tirzepatidi tu. Upande wa GLP-1 amelundika dawa mbili kwenye kipokezi kilekile, sawa na kupandisha dozi ya dawa moja bila kujua umeipandisha kiasi gani. Shibe haiongezeki kwa kiasi hicho. Kichefuchefu, kutapika na choo kigumu huongezeka. Ndiyo maana karatasi za maelezo za dawa hizi zinakataza kutumia mbili za jamii ya GLP-1 kwa pamoja.

Wenye kisukari wana mtego wao hapa. Vidonge vya sitagliptini na vildagliptini hufanya kazi kwa kuzuia GLP-1 ya asili isivunjwe. Ukishaanza sindano, vidonge hivyo havina la kuongeza, na mara nyingi daktari huvisimamisha. Kama umeandikiwa sindano na kliniki moja na vidonge na kliniki nyingine, peleka pakiti zote kwa daktari mmoja azione pamoja.

Mchanganyiko wenye mantiki

Kongosho haitoi insulini peke yake. Seli zilezile zinazotoa insulini hutoa pia amilini, homoni ya shibe inayofanya kazi hasa kwenye shina la ubongo kupitia vipokezi vyake yenyewe, tofauti na vya GLP-1. Dawa ya kwanza ya kuiga amilini, pramlintidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini. Ilihitaji kudungwa kila wakati wa mlo, na hilo liliipunguzia umaarufu. Iliyofuata, kagrilintidi, hudungwa mara moja kwa wiki.

Hapo ndipo kuchanganya kunaleta maana, kwa sababu njia ni mbili tofauti. Katika jaribio la REDEFINE 1, lililochapishwa mwaka 2025, watu waliopewa semaglutidi miligramu 2.4 pamoja na kagrilintidi miligramu 2.4 kila wiki walipoteza wastani wa asilimia 20.4 ya uzito wao kwa wiki 68. Waliopewa sindano isiyo na dawa walipoteza asilimia 3. Huo ni ushahidi mzito. Lakini angalia walivyofika huko: walianza na miligramu 0.25 ya kila dawa, wakapanda hadi 0.5, 1, 1.7 na 2.4, kila ngazi ikichukua wiki 4, huku madaktari wakiwafuatilia. Hata hivyo wengi hawakufika kileleni; ni kama asilimia 57 tu waliotumia dozi ya juu kabisa. Mtu anayeanza kagrilintidi ya mtandaoni akiwa tayari kwenye semaglutidi miligramu 1 hafuati njia hiyo hata kidogo.

Tirzepatidi nayo ni mchanganyiko tayari, ila umeunganishwa ndani ya molekuli moja. Ndiyo maana katika SURMOUNT-5, jaribio la mwaka 2025 lililozilinganisha ana kwa ana, ilipunguza asilimia 20.2 ya uzito kwa wiki 72 dhidi ya asilimia 13.7 ya semaglutidi. Retatrutidi inaongeza kipokezi cha tatu, cha glukagoni. Kwenye jaribio la awamu ya pili lililochapishwa mwaka 2023, dozi ya miligramu 12 ilipunguza wastani wa asilimia 24.2 kwa wiki 48. Takwimu hizo ndizo zinazowasha tamaa ya watu. Lakini kagrilintidi na retatrutidi bado ni dawa za majaribio. Anayekuuzia leo Kondele ya Kisumu au Section 58 ya Nakuru anakuuzia kitu ambacho mtengenezaji wake halisi hajakitoa sokoni.

Kwa nini njaa imerudi

Katika wengi wanaotaka sindano ya pili, ya kwanza haijapewa nafasi ya kufanya kazi yake. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini kabla ya kutumia hela zaidi.

Kwanza, dozi. Semaglutidi huanza na miligramu 0.25 kwa wiki 4, na dozi hiyo ni ya kuuzoesha mwili tu. Tirzepatidi huanza na 2.5 kwa wiki 4, kisha 5, na inaweza kupanda kwa 2.5 kila baada ya wiki 4 au zaidi hadi 15. Kwa kuwa dawa ya wiki jana haijaisha unapodunga ya wiki hii, kiwango cha damuni hupanda kwa wiki 4 hadi 5 kabla ya kutulia. Kuhukumu dozi mpya katika wiki ya pili ni mapema mno. Na ukiongeza dawa ya pili katika wiki hiyo, kisha kutapika kukaanza wiki ya tano, hakuna daktari atakayeweza kukuambia ni ipi iliyosababisha.

Jambo lingine ni jinsi unavyodunga. Kalamu ya Ozempic ikiwa mpya hupimwa kwanza: zungusha hadi alama ya majaribio, bonyeza, uone tone kwenye ncha ya sindano. Ukidunga, shikilia kitufe mpaka kaunta isome 0, kisha hesabu polepole hadi 6 kabla ya kuchomoa. Wanaochomoa haraka huacha sehemu ya dozi ikidondoka kwenye ngozi. Badilisha mahali kila wiki, tumboni au pajani, na usiache sindano ikiwa imefungwa kwenye kalamu, maana hewa huingia na dawa huvuja.

Halafu joto, na kwa Kisumu hili lina uzito wake. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishaanza kutumika, Ozempic huvumilia nje ya friji mradi joto lisizidi nyuzi 30. Karatasi ya Ulaya inaruhusu wiki 6, ya Marekani siku 56, kwa hivyo fuata iliyo kwenye boksi lako. Mounjaro ya kalamu ya dozi moja huruhusiwa siku 21 nje ya friji kwa kikomo hichohicho cha nyuzi 30. Mchana wa Kisumu hufika nyuzi 30 mara nyingi, na chumba chenye paa la mabati bila dari hupita hapo kwa urahisi. Nakuru iko juu zaidi na ni baridi, lakini gari lililofungwa kwenye maegesho huko pia huwaka. Dawa iliyotumwa kutoka Nairobi kwenye buti la basi, bila kikasha cha baridi wala pakiti za barafu, tayari ina mashaka kabla hujaifungua. Mwulize muuzaji ilisafiri vipi; mfamasia makini hatakasirika.

Baridi kali ni mbaya kuliko joto kiasi. Usiweke kalamu karibu na sehemu ya kugandishia, wala usiilaze juu ya barafu bila kitambaa katikati. Ikiganda, hata ikiyeyuka ikaonekana safi, itupe. Stima ikipotea, friji iliyofungwa hubaki baridi kwa saa kadhaa; acha mlango umefungwa, na weka kipimajoto kidogo ndani ili usikisie.

Mwisho, tazama dawa nyingine unazotumia. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea baadhi ya wanawake uzito. Prednisoloni ya pumu au ya viungo huamsha njaa kali. Amitriptilini, olanzapini, valproeti, glibenklamidi na insulini pia hupandisha uzito. Kuongeza sindano ya pili ili kushindana na prednisoloni ni kazi bure. Mwulize aliyekuandikia kama kuna dawa mbadala au dozi ndogo. Usiisimamishe mwenyewe, hasa prednisoloni uliyotumia kwa wiki nyingi.

Unga wa chupa ndogo

Kinachoniudhi zaidi katika biashara hii ni vile vichupa vya unga mweupe vinavyouzwa pamoja na maji ya kuchanganyia na bomba la sindano la insulini. Vingine vimeandikwa majina mawili kwenye lebo moja ili ionekane mchanganyiko umeshafanywa na mtaalamu. Huwezi kujua kilichomo, kiasi chake, wala kama ni safi. Lakini hata kama lebo ingekuwa ya kweli, hesabu peke yake inatosha kumpeleka mtu hospitali.

Bomba la insulini hupima ujazo: yuniti 100 ni mililita 1. Halipimi dawa. Tuseme chupa ya rafiki yako ina miligramu 5 ndani ya mililita 2 za maji. Yuniti 10 kutoka humo zina miligramu 0.25. Chupa yako ina miligramu 10 ndani ya mililita 1. Anakuambia, "mimi huvuta yuniti 10," nawe unavuta yuniti 10: umejidunga miligramu 1, mara nne ya dozi yake. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Julai 2024 baada ya watu waliokuwa wakivuta semaglutidi kutoka kwenye vichupa kujipa mara 5 hadi 20 ya kiasi walichokusudia. Hao walikuwa wamepewa dawa na maduka yanayochanganya kwa maagizo ya daktari. Hakuna dawa ya kuiondoa semaglutidi mwilini. Anayezidisha anaweza kutapika kwa siku kadhaa, kwa sababu dawa yenyewe inachukua wiki kadhaa kuisha.

Wapo pia wanaovuta dawa mbili kwenye bomba moja ili wajidunge mara moja. Semaglutidi hutengenezwa ikae kwenye majimaji yenye pH (kipimo cha asidi) ya 7.4 hivi. Ukiichanganya na majimaji mengine yenye asidi, molekuli za dawa zinaweza kushikamana na kufanya vipande usivyoviona, na dozi unayopata haijulikani tena.

Bandia zipo hata kwenye kalamu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizopatikana Brazili, Uingereza na Marekani. Austria, mwaka 2023, watu walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya baada ya kutumia kalamu bandia zilizoshukiwa kuwa na insulini. Nunua kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, uliza risiti, linganisha namba ya toleo kwenye boksi na ile ya kalamu. Kama maandishi yamekosewa au muhuri umefunguliwa, irudishe.

Na kalamu moja isichangiwe na watu wawili, hata mkibadilisha sindano. Najua bei ndiyo inayowasukuma dada wawili kununua moja wagawane. Damu kidogo inaweza kurudi ndani ya kalamu, na ikiwa ina virusi vya ukimwi au homa ya ini, mwenzako anaweza kuvipata.

Daktari akichanganya, anachanganya nini

Metformini pamoja na sindano moja ni mchanganyiko wa kawaida kwa mwenye kisukari, na hauna shida kubwa zaidi ya tumbo kusumbua. Insulini, glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi zinahitaji tahadhari, kwa sababu utakula kidogo na dozi ya zamani itakuwa kubwa kwako. Daktari huipunguza tangu mwanzo. Mikono ikitetemeka, jasho jembamba likitoka, pima. Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L), kunywa vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Mwenye kisukari cha miaka mingi achunguzwe macho kabla ya kupanda dozi za semaglutidi, kwa sababu sukari ikishuka ghafla, madhara ya retina yanaweza kuzidi kwa muda.

Fentermini, kidonge cha kukata njaa, ni kichangamsho. Hupandisha mapigo ya moyo na presha, na sindano za GLP-1 nazo huongeza mapigo kidogo. Mwenye presha asiziunganishe kwa ushauri wa mtu wa gym.

Kwa wengi ambao semaglutidi imewagomea, hatua nzuri ni kubadilisha. Siku ambayo ungedunga semaglutidi nyingine, unaanza tirzepatidi badala yake, kwa kawaida miligramu 2.5, ingawa daktari anaweza kuamua vingine. Tarajia njaa kurudi kwa wiki chache, kwa kuwa 2.5 ni dozi ya kuanzia, na semaglutidi ya zamani inapungua polepole chini yake. Mwanamke anayetumia vidonge vya kupanga uzazi aongeze kondomu kwa wiki 4 baada ya kuanza tirzepatidi na wiki 4 baada ya kila kupanda dozi, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza kiasi cha kidonge kinachoingia damuni. Anayepanga mimba aache semaglutidi angalau miezi 2 kabla.

Chakula kinaweza kufanya sehemu ya kazi ambayo watu wanaitafuta kwenye sindano ya pili. Uzito unaopotea huchukua misuli pamoja na mafuta, na anayekula ugali na chai tu kwa sababu hana hamu hupoteza misuli mingi zaidi. Lenga angalau gramu 60 hadi 75 za protini kwa siku, isipokuwa kama una ugonjwa wa figo na daktari amekuwekea kikomo. Mayai mawili yana 12 hivi, nusu lita ya maziwa au mala 16, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa 15, na kipande cha ngege (tilapia) cha gramu 100 kina kama 26. Omena kavu ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na hakuna chakula cha bei hiyo kinachoikaribia. Kula samaki na mboga kwanza, ugali baadaye. Tumbo linalomwaga polepole litajaa kabla hujafika kwenye ugali. Mrenda na mboga nyingine za kienyeji husaidia choo, ila maji yawepo. Soda na chai yenye sukari nyingi hupita bila kuleta shibe, hata ukiwa kwenye dozi ya juu.

Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, yanaweza kuwa kongosho imevimba. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, na macho ya manjano, yanaashiria mawe ya nyongo. Usidunge tena, nenda hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, iwe Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ya kaunti Nakuru, au Moi kule Eldoret, na uwaambie jina la dawa, dozi na siku uliyodunga mara ya mwisho. Anayetapika kiasi cha kukosa mkojo yuko hatarini kwa figo zake. Anayepangiwa upasuaji amwambie mtu wa nusukaputi mapema, kwa kuwa chakula kinaweza kubaki tumboni hata baada ya kufunga usiku kucha. Ambaye yeye au ndugu yake wa damu amewahi kuwa na saratani ya tezi ya shingo (thairoidi) ya aina ya medula hafai kuanza sindano hizi kabisa.

Siku ya kliniki, beba karatasi yenye tarehe za kila sindano, dozi, mahali ulipodunga, uzito wa kila wiki kwenye mizani ileile, na dawa zako zote, za hospitali na za mitishamba. Kipimo ambacho madaktari hukitumia sana ni asilimia 5 baada ya miezi 6 kwenye dozi ya juu kabisa unayoivumilia. Kwa aliyeanza na kilo 104, hiyo ni kilo 5.2, yaani kufika 98.8. Kama hajafika hapo, na joto, dozi, udungaji na dawa nyingine vimeshakaguliwa, basi kuna sababu ya kubadilisha dawa au kuzungumzia upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, na hilo hujadiliwa na daktari akiwa na karatasi hiyo mbele yake.